Mtoto anayejisemesha ana kazi mkononi

Swali hili halikauki kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi hapa Tanga, na mara nyingi huandikwa usiku, watoto wakishalala: mwanangu ana miaka mitano, anaongea peke yake, nifanyeje? Majibu hayachelewi. Shangazi fulani atasema mtoto ana kitu, yaani jini, apelekwe kwa shehe akasomewe. Mwingine, aliyelisikia neno usonji (autism) redioni, atasema ndio huo huo, msichelewe hospitali. Wa tatu ni baba wa mkono wa chuma: mnamdekeza, mwambieni anyamaze, ndiyo maana darasani hashiki kitu. Kisha anatokea wa nne, anaandika tu "hata wangu" na kuweka vikatuni vya kucheka, na kwa bahati yeye ndiye aliye karibu zaidi na ukweli.

Nimeona tulifumue jambo hili kwa sababu kila jibu kati ya hayo lina safari yake. Moja linampeleka mtoto kwenye kombe, yale maji ya dua, na ubani, jingine kwenye foleni ya hospitali ya Bombo, jingine kwenye fimbo. Na mtoto mwenyewe alikuwa anapanga vifuniko vya soda kibarazani.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kujisemesha, kwa maana ya makala haya, ni maneno anayoyasema mtoto bila kumwambia mtu, aghalabu mikono yake ikiwa na shughuli. Hakutazami, hangoji jibu, na ukimjibu anaweza kukushangaa. Mtoto anayemsemea mwanasesere wake kwa sauti nyembamba kisha akamjibu kwa sauti nene anaigiza. Hilo ni jambo jingine, ingawa nalo ni la afya. Anayeweweseka usingizini naye hayumo humu.

Kujisemesha kuna sura tatu. Ya kwanza ni ya sauti kamili, ambayo hata jirani anaisikia. Ya pili ni ya minong'ono, maneno nusu nusu, midomo ikitikisika bila sauti. Ya tatu ni ya kimoyomoyo, ile sauti ambayo pengine unaisikia sasa hivi unaposoma mstari huu. Watafiti wengi wa makuzi ya mtoto wanaziona hizi tatu kuwa njia moja: kinachoanzia kinywani kinaingia kichwani kidogo kidogo. Sauti kamili huanza kusikika mtoto akiwa na miaka miwili au mitatu, inashamiri kati ya minne na sita, kisha inafifia kuwa minong'ono katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi. Haizimiki kabisa. Mtu mzima aliyepoteza funguo anazunguka nyumba nzima akisema "funguo, funguo, nimeweka wapi funguo," na hakuna anayemwitia shehe.

Tanga ni mji wa baiskeli, basi nitoe mfano wa baiskeli. Mtoto wa miaka sita hivi, barabara za ndani za Ngamiani, cheni imechomoka. Kaipindua baiskeli, siti na usukani viko chini, magurudumu juu. "Nyuma kwanza," anasema, na anapachika cheni kwenye meno ya gurudumu la nyuma. "Sasa huku." Anaivuta mbele, haifiki. "Mbona haifiki?" Anasita. "Aa, imebana hapa." Anaikwamua. "Taratibu, usilazimishe." Anazungusha pedeli kwa kiganja, cheni inapanda meno mawili matatu, inateleza. "Imetoka. Tena."

Ukiyapima maneno yale moja moja utaona kila moja lina kazi yake. "Nyuma kwanza" ni mpango, umempa pa kuanzia. "Mbona haifiki?" ni swali, na swali limemzuia asiendelee kuvuta kwa nguvu mpaka ajikate vidole. "Aa, imebana hapa" ni jibu alilojipa mwenyewe. "Tena" ni moyo. Ama "taratibu, usilazimishe," hayo hayakutungwa na mtoto wa miaka sita. Ni ya fundi baiskeli wa pale kona, na yalitoka na lafudhi yake, hata ile namna ya kulivuta "taraaatibu."

Fundi yule kufika mdomoni mwa mtoto ndilo jambo ambalo wengi hawalioni. Gari la mizigo likirudi nyuma kwenye vichochoro vya soko la Mgandini, utingo hushuka, akasimama nyuma, akawa anapiga bodi kwa kiganja: rudi, rudi, kata kulia, weka sawa, hapo hapo! Dereva mgeni asiposikia sauti ile atakwenda na kibanda cha mtu. Akishazoea sokoni pale, siku utingo hayupo anarudi mwenyewe, na utamsikia akijiambia yale yale: rudi, kata kulia, hapo. Baadaye zaidi hasemi kitu. Anarudi tu, macho kwenye kioo. Mtoto naye anaanza hivyo. Mama, bibi, kaka, mwalimu, fundi wa kona, wote humsimamia nyuma na kumwambia kata huku, ngoja, angalia mkono wako. Inafika siku hawapo na kazi ipo. Anabeba kazi zote mbili, ya dereva na ya utingo, na hiyo ya utingo tunaisikia.

Wazo hili lina wenyewe, na mjadala wake umepita miaka mia moja. Mwaka 1923 Jean Piaget, mwanasaikolojia Mswisi, alichapisha kitabu kuhusu lugha na fikra za mtoto. Kule Geneva, yeye na wenzake walikaa na watoto wa shule ya awali wakiandika kila walichosema. Kwa wavulana wawili wa miaka sita, karibu nusu ya maneno waliyoyaanzisha wenyewe hayakumlenga mtu yeyote. Piaget aliyaona kuwa ni uchanga: mtoto bado hajaweza kujiweka mahali pa msikilizaji, kwa hiyo anaongea bila kujali kama anasikika au anaeleweka. Akikua na kujua kuzungumza na watu, maneno hayo yatanyauka yenyewe. Nadhani watu wazima wengi mpaka leo wanafikiri hivyo hivyo, hata wasiowahi kumsikia Piaget.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1896 aliozaliwa Piaget, aliisoma kazi hiyo na hakuridhika. Njia yake ya kujibu ilikuwa rahisi na ya kijanja. Aliwapa watoto kazi ya kuchora, halafu akahakikisha kuna kinachokosekana: karatasi hakuna, au penseli ya rangi inayotakiwa haipo. Palipokuwa na kikwazo, kujisemesha kuliongezeka karibu mara mbili. Kama maneno yale yangekuwa povu la uchanga, kukosa penseli kungeyaongezaje? Mtoto anaongea zaidi pale anapohitaji kufikiri zaidi.

Kuna mtoto mmoja katika kazi za Vygotsky ambaye mimi humkumbuka kuliko wote. Alikuwa na miaka mitano na nusu, anachora tramu, lile gari la reli la mjini. Akawa anachora gurudumu, akakandamiza penseli, ncha ikakatika. Akanong'ona, "Imevunjika." Akaiweka penseli kando, akachukua rangi za maji, akaanza kuchora tramu iliyovunjika, iliyopata ajali, huku akiendelea kujisemea juu ya mchoro wake mpya. Neno moja lililotoka kwa bahati mbaya ya penseli likageuza kazi nzima.

Vygotsky aliona pia kwamba maneno huhama mahali pake ndani ya kazi. Mtoto mdogo sana huchora kwanza, kisha akatazama alichochora na kukipa jina: "Samaki!" Akikua kidogo, jina linakuja katikati ya kuchora. Akikua zaidi, linatangulia: "Nachora samaki," ndipo mkono unafuata. Neno lililokuwa likifuata nyuma ya kitendo limekuja kukaa mbele na kukiongoza. Mzazi anaweza kuliona hili nyumbani bila kifaa chochote, kwa karatasi na kipande cha mkaa.

Akaongeza jaribio jingine, ambalo kwa wengi halijulikani. Aliwaweka watoto kati ya wenzao viziwi, au wenye lugha wasiyoijua, na kujisemesha kukashuka sana. Ajabu kidogo: kama mtoto anajiambia mwenyewe, anajali nini nani yuko karibu? Vygotsky alijibu kwamba kwa mtoto mdogo mpaka kati ya kuwaambia watu na kujiambia haujakauka. Maneno yake ya kujisemesha ni mtoto wa mazungumzo yake na watu, hayajaachishwa ziwa. Vygotsky alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1934, akiwa na miaka 37, na kitabu chake kikubwa juu ya fikra na lugha kilitoka mwaka huo huo. Tafsiri ya Kiingereza ilisubiri mpaka 1962. Piaget, aliyekuwa hai bado, ndipo alipoandika maoni yake kuhusu hoja za mwenzake aliyekwisha kufa siku nyingi, na akakubaliana naye katika mengi.

Sasa tuingie kwenye umakini, maana hapo ndipo wazazi na walimu wanapogombana. Tukisema mtoto hana umakini, kwa kawaida tunachanganya mambo matatu. La kwanza ni kushika kichwani unachokifanya usije ukakisahau katikati. La pili ni kujizuia usirukie jambo jingine. La tatu ni kuweza kuhama kutoka hatua moja kwenda nyingine bila kubaki umenasa kwenye ile ya kwanza. Maneno yanasaidia yote matatu, na si kwa watoto peke yao. Unaweza kujijaribu. Andika namba kumi kwenye karatasi. Ya kwanza iongeze tatu, ya pili ipunguze tatu, ya tatu ongeza, ya nne punguza, mpaka mwisho, bila kuweka alama za kukukumbusha. Utajikuta unajiambia "ongeza, punguza." Rudia sasa kwa namba nyingine, lakini mdomo wako uwe unasema "a, be, che, a, be, che" bila kukoma. Utapunguza mwendo, na mara mbili tatu utasahau zamu ni ya nini. Watafiti wawili, Emerson na Miyake, walifanya jaribio la aina hii kwa watu wazima na kulichapisha mwaka 2003. Mdomo uliposhughulishwa na maneno mengine, kubadilisha kazi kuligharimu muda zaidi. Sauti ya ndani ilikuwa inashika zamu, na mdomo ulipopewa kibarua kingine ikakosa pa kukaa.

Mtoto wa miaka mitano hana hiyo sauti ya ndani kwa ukamilifu. Anayo ya nje. Mwaka 1966 John Flavell na wenzake nchini Marekani waliwaonyesha watoto picha za vitu, wakazionyeshea kidole baadhi yake, halafu wakamshushia mtoto kofia yenye kizibo cha macho mfano wa ya mwanaanga, ili asizione picha kwa muda. Mtafiti mmoja aliyejizoeza kusoma midomo alikuwa anatazama: je, mtoto anayarudia majina? Wa miaka mitano walikuwa wachache waliofanya hivyo, wa saba wengi zaidi, na wa kumi karibu wote. Kurudia neno ili usilipoteze, jambo ambalo wewe unalifanya kila ukiandika namba ya simu ya kutuma pesa, ni ufundi unaokuja kwa umri. Mtoto hazaliwi nao.

Alexander Luria, aliyefanya kazi pamoja na Vygotsky, alikwenda kwa watoto wadogo zaidi, wa miaka mitatu minne, akawapa mpira wa kubonyeza taa inapowaka. Aliripoti kwamba kuwaambia tu "bonyeza mara mbili" hakukutosha. Lakini mtoto aliposema mwenyewe "bonyeza! bonyeza!" mkono ulifuata mdomo. Na kwa wadogo sana, kusema "usibonyeze" kwa sauti kuliwafanya wabonyeze, kwa sababu walichokifuata kilikuwa mshindo wa sauti wala si maana yake. Niseme ukweli, watafiti wengine waliojaribu kurudia kazi ya Luria hawakupata matokeo yale yale kila mara. Lakini mama yeyote aliyewahi kumwona mtoto wa miaka miwili akisema "siguzi, siguzi" huku mkono umekwisha ingia kwenye sukari anajua Luria aliona nini.

Walimu wana malalamiko yao, na nayachukulia kwa uzito kwa sababu yana ukweli ndani yake. Mwalimu wa darasa la kwanza atakuambia: wanaojisemesha wakati wa hesabu ndio hao hao wanaokosa. Yuko sahihi, kwa siku ile. Mtoto hujisemesha anapokutana na ugumu, na penye ugumu ndipo penye makosa. Anayejua jibu la tano kujumlisha nne anaandika tu tisa. Asiyejua anainua vidole, "tano... sita, saba, nane, tisa," na huenda bado akakosa. Ukizitazama sauti na alama za siku moja, utasema sauti ndiyo inayoleta makosa. Ni sawa na kumwona mtu amepaka dawa kwenye kidonda ukasema dawa ndiyo iliyomtia kidonda.

Laura Berk, mwanasaikolojia wa Marekani, alifanya jambo ambalo mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kulifanya: alikaa na wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu wakifanya Hisabati, akawasikiliza, na yeye na wenzake wakawafuata kwa muda mrefu zaidi. Karibu wote walijisemesha. Faida ilionekana vizuri zaidi ilipotazamwa mbele, katika maendeleo ya mwaka uliofuata, kuliko katika alama za siku ile. Na kadiri maneno yalivyokuwa yakigeuka minong'ono, ndivyo watoto walivyotulia vitini na kutazama kazi yao. Utulivu ulikuja pamoja na kule kuingia kwa maneno ndani. Kuwaziba midomo kabla ya wakati hakuleti hicho kitu.

Lakini hatuwezi kuruka upande wa pili na kusema anayeongea sana ndiye mwenye akili sana. Charles Fernyhough na Emma Fradley, Uingereza, waliwapa watoto wa miaka mitano na sita fumbo la kuhamisha tufe ndogo za rangi kwenye vijiti, la ngazi rahisi mpaka ngumu. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2005. Kujisemesha kulikuwa kwingi zaidi kwenye mafumbo ya kati. Rahisi mno halikuhitaji maneno. Gumu mno liliwashinda, na maneno yakapungua. Mwalimu akilijua hili ana kipimo cha bure. Darasa likifanya zoezi kwa mvumo wa chini, zoezi limewafaa. Kukiwa na kimya cha kuchoka, au watoto wakiwa wanasemeshana mambo ya mpira wa uwanja wa Mkwakwani, zoezi ama ni jepesi ama limewazidi.

Huku pwani tuna kichekesho chetu. Saa tatu asubuhi mtoto yuko shule na anaambiwa "kidole mdomoni!" Saa tisa alasiri mtoto huyo huyo yuko chuoni, yaani madrasa, na ustadhi anamtaka apandishe sauti, sikusikii, rudia. Sidai kwamba kudurusu juzuu ni sawa na kujisemesha juu ya cheni ya baiskeli. Maneno ya chuoni yamepangwa tayari na hayabadiliki, ya baiskeli mtoto anayaunda kadiri tatizo linavyokwenda. Ila chuo kinajua kitu ambacho darasa linasahau: kwamba kwa mtoto mdogo, sauti ni mahali pa kuwekea kitu mpaka kichwa kiweze kukipokea. Pia nimewasikia watoto wa shule za Kiingereza wakihesabu "wan, tuu, thrii" kisha wakajikaripia kwa Kiswahili, "aka, umeruka!" Utingo wa kila lugha na zamu yake.

Kuhusu jini, sitaki kumvunjia mtu imani yake. Nasema tu kwamba kabla ya kufika huko mtu achungulie mtoto anasema nini. Maneno yakiwa ni "hii hapa, hii hapa, hii haiingii," na mkononi ana vifuniko vya soda, jambo limekwisha. Akiwa na rafiki asiyeonekana, anamtengea sahani na kumwachia nafasi mkekani, nalo ni la kawaida kwa watoto wengi wa umri wa chekechea, na wenyewe ukiwauliza taratibu kwa kawaida hujua kwamba rafiki huyo ni wa kubuni. Hata yale maneno ya kitandani kabla ya usingizi kumchukua yana historia yake: mtaalamu wa lugha Ruth Weir alimrekodi mwanawe Anthony, wa miaka miwili na nusu, akijiongelea gizani, na kitabu chake cha mwaka 1962 kilionyesha mtoto akifanya mazoezi ya lugha, akibadilisha neno moja moja ndani ya sentensi ile ile. Bibi zetu wangesema anazungumza na malaika. Vyovyote vile, alikuwa shuleni.

Usonji ni hali ya kweli na inastahili kuchukuliwa kwa uzito, ndiyo maana inaudhi kuona ikibandikwa kwa kila mtoto mwenye mdomo. Kinachowafanya wataalamu wamtazame mtoto kwa ukaribu ni mambo ya upande wa watu: haitiki jina lake, hafuati kidole unapomwonyesha kitu, hakuletei chake akuonyeshe, amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au maneno yake ni marudio ya sentensi alizosikia ambayo hayaunganiki na anachokifanya wala na mtu aliye mbele yake. Mtoto anayezungumza na wewe vizuri, anacheza na wenzake, kisha anajisemesha akiwa na kazi, hana dalili hapo. Lakini mtoto anayesema kuna sauti zinazomtisha au kumwamuru ajiumize, apelekwe kituo cha afya, na asingojewe mpaka wikiendi.

Wale wenye shida ya kutulia, wanaoruka kutoka kitu hiki kwenda kile kuliko wenzao wa rika moja, nao husingiziwa kwamba kujisemesha ndiko kunakowavuruga. Utafiti wa Berk na Michael Potts wa mwaka 1991 kwa wavulana wenye tatizo hilo ulionyesha kwamba walijisemesha kwa sauti kwa wingi zaidi, na kwamba walipita njia ile ile ya sauti, minong'ono, kimoyomoyo, ila walichelewa. Wanahitaji utingo wa nje kwa muda mrefu zaidi. Kuna waliojaribu kuwafundisha watoto wa namna hii kujisemesha kwa makusudi, hatua kwa hatua, kwa njia waliyoianzisha Donald Meichenbaum na Joseph Goodman mwaka 1971: mkubwa anafanya kazi huku akisema, mtoto anaifanya huku akisema, kisha akinong'ona, kisha kimya. Njia nzuri kuitazama, lakini mafanikio ya chumba cha mafunzo mara nyingi hayakumfuata mtoto mpaka darasani. Kukariri maneno ya mtu mwingine hakumpi mtoto yale ambayo angeyaunda kutokana na kazi yake mwenyewe.

Basi mzazi afanye nini? Kidogo sana. Kaa naye kwenye kazi iliyomzidi kimo kidogo, kusuka ukili, kupanga vyombo kwa ukubwa, kufunga kamba za viatu. Mwambie hatua kwa maneno mafupi, mwachie anapoweza, mrudie anapokwama. Watoto wanaosaidiwa hivyo ndio wanaoonekana kuokota maneno ya kujiongoza. Na uangalie ni maneno gani unayamwaga, kwa sababu atayaokota yote. Mtoto aliyezoea kusikia "ngoja, tazama tena" atajiambia hivyo; aliyezoea "mjinga wewe" naye ana akiba yake, na atajisemea hilo hilo siku cheni itakapochomoka.

Mwalimu mwenye watoto wengi chumba kimoja hawezi kuwaacha wote wapige kelele, na sitamdai hilo. Anachoweza ni kutenganisha nyakati. Anapofundisha, kimya. Wanapofanya zoezi, mvumo wa chini uruhusiwe, hasa awali na darasa la kwanza na la pili, na mwenye sauti kubwa aonyeshwe namna ya kunong'ona badala ya kuambiwa afunge mdomo. Kufikia upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, watoto wa miaka tisa au kumi, wengi watakuwa wanaweza kukaa kimya wakajisemesha kimoyomoyo. Watabaki wachache ambao midomo inatikisika juu ya swali gumu la Hisabati. Msimamizi asikimbilie kuwaona wanaibia. Asimame karibu asikilize kama sauti inamfikia jirani, na isipomfikia aendelee na mzunguko wake.